Mfumaji wa Spitalfields na saa za kusubiri abiria

Mwezi Juni 2025, mjini Geneva, wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, waliamua kwamba kazi zinazopatikana kupitia programu za simu zitungiwe mkataba wa kimataifa, na mjadala wa kuukamilisha ukapangiwa mwaka 2026. Tangu hapo kila mwenye la kusema kuhusu teksi za mtandaoni na bodaboda amelisema. Jambo moja katika mjadala huo linanisumbua. Wanaoutaka mkataba na wasioutaka wote wanaanzia mahali pamoja: kwamba hii ni kazi ya aina mpya, haijapata kuonekana, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Mimi nasema kipya ni simu. Mapatano yenyewe ni ya zamani: chombo ni chako au umekikodi, kazi inatoka kwa mwingine, unalipwa kwa kipande, na muda usio na kazi ni hasara yako peke yako. Mafundi wengi wa mijini waliishi hivyo katika karne ya 18. Baadhi yao waliyapigania mapatano hayo mitaani hadi wakapata sheria ya kupanga malipo, sheria iliyodumu miaka 51. Ukiyatazama maisha yao kwa karibu unaona kwamba sisi tunagombana juu ya bei ya safari wakati riziki inapotelea kwenye kusubiri.

Mafundi ninaowazungumzia ni wafumaji wa hariri wa Spitalfields, mtaa ulioko mashariki mwa London, nje kidogo ya kuta za mji wa kale. Ufumaji ulikuwapo hapo tangu awali, lakini ulishamiri baada ya 1685, mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipowafutia Waprotestanti wa nchi yake haki ya kuabudu, na maelfu ya Wahuguenoti, kama walivyoitwa Waprotestanti hao, wakakimbilia Uingereza na ujuzi wao mikononi. Kufikia katikati ya karne iliyofuata, Spitalfields na jirani yake Bethnal Green palikuwa pamejaa wafumaji: wajukuu wa wakimbizi hao, Waingereza, na Waairishi waliokuja kutafuta maisha. Juu yao walikaa matajiri wa hariri, walionunua nyuzi, wakanunua michoro, wakatoa kazi na kuuza vitambaa kwa maduka yaliyovalisha watu wa kasri. Michoro yenyewe ilitoka kwa watu kama Anna Maria Garthwaite, mwanamke asiye na mume aliyeishi mtaani hapohapo na kuchora maua ya hariri kwa miaka mingi. Zaidi ya michoro yake 800 imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Gauni zilizofumwa kwa michoro ya mtaa huo zinatunzwa kwenye makabati ya vioo. Majina ya waliozifuma, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa popote.

Mfumaji alifanya kazi nyumbani, mara nyingi kwenye chumba cha juu kabisa cha nyumba ya kupanga. Dirisha lilikuwa pana kuliko ya majirani, karibu linameza ukuta mzima, kwa sababu hariri inataka mwanga, na mshumaa wa usiku ulitoka mfukoni mwa mfumaji. Kitanda cha kufumia, yaani mtambo wenyewe wa kutengenezea kitambaa, kilijaza chumba. Familia ililala pembeni yake, ikapika pembeni yake, na watoto walizaliwa wakisikia mlio wake. Mke naye alifuma, au alimsaidia mumewe. Watoto wadogo walizungusha gurudumu la kujaza nyuzi za mshindio, zile zinazopita kwa upana wa kitambaa, kwenye vijiti. Kitambaa kikiwa cha maua, alihitajika mtoto wa kusimama kando ya kitanda kutwa nzima, akivuta kamba kwa mpangilio ili nyuzi za mtande, zile za urefu, zinyanyuke pale ua linapotakiwa kutokea. Mara nyingi ujira wa mtoto huyo ulitoka kwenye malipo ya mfumaji mwenyewe.

Kazi mpya ilianza kwa mizani. Tajiri, au karani wake, alipima hariri ikitoka na kuipima ikirudi, maana nyuzi zilikuwa mali yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mfumaji aliibeba nyumbani na kuanza kutega mtande: nyuzi kwa maelfu, nyembamba kuliko unywele, kila mmoja upitishwe kwenye kitanzi chake au uunganishwe kwa ncha za vidole na mkia wa uzi uliotangulia. Kama mchoro ni mpya, kamba zote za kuvutia nazo zilifungwa upya kuufuata, na hiyo peke yake ingeweza kuchukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo macho yanachoka, mgongo unauma, kodi ya chumba inaendelea, na hakuna hata inchi moja ya kitambaa. Malipo yalihesabiwa kwa yadi iliyokamilika. Siku ya kurudisha kazi mfumaji alikwenda ghalani kwa tajiri, kitambaa kikakaguliwa na kupimwa, dosari zikakatwa, akalipwa. Kisha likaja swali ambalo maisha yake yote yalining'inia juu yake: je, kuna mtande mwingine? Mara nyingi jibu lilikuwa arudi wiki ijayo.

Sababu za jibu hilo zilikuwa mbali na uwezo wake. Mitindo ilibadilika kila msimu, na tajiri hakuthubutu kuagiza kabla hajajua wateja wakubwa watataka nini. Familia ya kifalme ikifiwa, kasri lilivaa nyeusi kwa miezi, hariri za rangi zikakosa mnunuzi, na wafumaji waliwahi kupeleka maombi kwamba muda wa maombolezo upunguzwe. Amani pia ilileta njaa: vita vya miaka saba dhidi ya Ufaransa vilipokwisha 1763, hariri za Ufaransa zilirudi sokoni na vitanda vya Spitalfields vikasimama. Fundi mwenye mafunzo ya miaka saba, tena hodari, alikaa chumbani na kitanda kitupu kwa sababu binti wa mfalme amefariki au kwa sababu mabalozi wametia saini mjini Paris.

Hata hivyo ningekuwa nawadhulumu wafumaji hao kama ningewachora kama watu wa kuhurumiwa tu. Uhuru wao ulikuwa wa kweli. Hakuna kengele iliyowaita asubuhi wala msimamizi aliyesimama nyuma yao. Jumatatu wengi hawakugusa kitanda, wakafidia kwa kufuma hadi usiku Alhamisi na Ijumaa. Walifuga ndege wa kuimba na kutundika vizimba madirishani. Walilima maua kwenye viwanja vidogo na kushindana nani kakuza bora. Mwaka 1717 ilianzishwa mtaani hapo jumuiya ya hisabati iliyokutana kwenye vilabu vya pombe, na kanuni yake ilimtaka kila mwanachama anayeulizwa swali na mwenzake amfundishe kwa njia iliyo rahisi kadiri awezavyo. Jumuiya hiyo ilidumu zaidi ya karne moja, hadi ilipomezwa na Chama cha Kifalme cha Astronomia katika miaka ya 1840. John Dollond, mtoto wa Wahuguenoti, alifuma hariri mchana na kusoma hesabu na elimu ya mwanga kwa muda wake wa ziada. Akiwa na zaidi ya miaka 40 aliacha kufuma, akaingia kwenye biashara ya vioo na mwanawe, akapata hataza ya lenzi inayoondoa rangi za ukingoni mwa taswira ya darubini mwaka 1758, na mwaka 1761 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Ninapomsikia kiongozi wa chama cha wafanyakazi akisema uhuru wa muda ni uongo wa kampuni, namkumbuka Dollond. Watu hawa waliupenda uhuru wao, na kitanda kilipokuwa na kazi uliwafaa sana.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya mjadala wa leo inapopimwa. Upande mmoja unadai kwamba dereva wa programu ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine yeyote, na kwamba suluhisho ni kumpa mshahara wa mwezi na zamu. Naielewa hasira iliyo nyuma ya dai hilo, lakini ukikaa kijiweni utasikia mengine. Dereva mmoja wa bodaboda pale Mwenge, Dar es Salaam, aliniambia: "Kaka, sitaki bosi wa kuniambia niingie saa ngapi. Hela ya siku naipata kwenye safari chache tu, muda mwingine wote nimekaa juu ya pikipiki nasubiri. Sasa hesabu ya tajiri haiangalii kama nimekaa." Pikipiki aliyokuwa ameikalia ilikuwa ya mkataba. Kila jioni alitakiwa kupeleka kiasi kilekile, simu iwe imelia au imenyamaza. Kwa maneno machache alieleza kile ambacho mfumaji wa Bethnal Green angekitambua mara moja: uhuru anao, ila gharama ya kungoja ameachiwa yeye.

Hoja ya upande wa pili iliyo dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni kwamba hakuna anayelazimishwa: bei isipomridhisha dereva, azime simu. Mfumaji naye aliruhusiwa kukataa mtande. Lakini alikuwa ametumia miaka saba kujifunza kazi moja, amepanga chumba kwa sababu ya dirisha lake, ana watoto mezani, na akishuka ngazi mikono mitupu kuna kumi nyuma yake watakaouchukua mtande huo kwa pungufu. Tajiri alilijua hilo. Anayesaini mkataba wa pikipiki leo yuko palepale, maana akizima simu deni halizimiki. Kumwambia mtu aliyekwisha kufunga miezi yake mingi kwenye chombo kwamba yuko huru kukaa nyumbani ni kutazama dakika ya kukubali safari na kufumbia macho mwaka mzima uliomfikisha kwenye dakika hiyo. Tena hoja hiyo inasahau kilichotokea pale wafumaji walipokataa kwa pamoja.

Walianza kwa kulenga adui asiye sahihi. Mwaka 1719 na 1720 waliwashambulia wanawake barabarani waliovaa vitambaa vya pamba vya India, wakiwararulia nguo na kuwamwagia wino na tindikali. Bunge likawasikiliza kwa kupiga marufuku vitambaa hivyo mwaka 1721. Mei 1765, baada ya Bunge la Malord kukataa muswada wa kupandisha ushuru wa hariri za nje, maelfu yao waliizingira nyumba ya Duke wa Bedford, waliyemlaumu kwa hilo, na mwaka uliofuata hariri za kigeni zikazuiwa. Marufuku hizo hazikujibu swali la ghalani, kwa sababu bila ushindani wa nje tajiri bado aliweza kukata bei ya yadi. Mwishoni mwa miaka ya 1760 vikundi vya wafumaji vilianza kuingia vyumbani usiku na kukata hariri kwenye vitanda vya waliofanya kazi kwa bei ya chini au waliogoma kuchangia mfuko wa kikundi, ingawa Bunge lilikuwa limekwisha kulifanya kosa hilo kuwa la kunyongwa. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1769 askari walivamia klabu ya pombe ya Dolphin, walikokutana wakata hariri hao, na watu wakauawa pande zote mbili. Desemba mwaka huohuo John Doyle na John Valline walinyongwa palepale Bethnal Green, mbele ya majirani zao. Umati uliubomoa mti wa kunyongea, ukaubeba hadi nyumbani kwa Lewis Chauvet, tajiri waliyemlaumu kwa vifo hivyo, ukausimamisha mbele ya madirisha yake na kuyavunja. Mwaka 1771 shahidi aliyetoa ushahidi dhidi ya wakata hariri, Daniel Clarke, alipigwa mawe hadi kufa.

Sheria ya 1773 ilizaliwa katika damu hiyo. Mahakimu wa London na Middlesex walipewa mamlaka ya kupanga bei ya kazi ya hariri, na kwa vitendo wajumbe wa matajiri na wa wafumaji walikaa pamoja, wakakubaliana, mahakimu wakapitisha. Tajiri aliyelipa tofauti na orodha hiyo ya bei alitozwa faini ya pauni 50. Wafumaji nao walipoteza haki ya kuungana kudai zaidi ya kilichopangwa. Mwaka 1792 sheria ikapanuliwa hadi vitambaa vya hariri iliyochanganywa, na 1811 hadi wafumaji wanawake. Kukata hariri usiku kukatoweka. Orodha za bei zikachapishwa, na fundi akajua yadi ya aina fulani ina thamani gani kabla ya kupanda ngazi za ghala. Tusipunguze uzito wa jambo hilo. Nchi zetu zimejaribu kitu cha aina hiyo juzi tu: nchini Tanzania, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilishusha kikomo cha kamisheni ambayo kampuni za programu hukata kwenye nauli hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber ikasitisha huduma zake Aprili, kisha ikarejea mapema 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya iliweka kikomo cha asilimia 18 mwaka huohuo wa 2022, na bado madereva wa Nairobi waligoma Julai 2024, wengi wakibandika orodha yao wenyewe ya nauli ndani ya magari.

Wanauchumi waliipinga sheria ya Spitalfields, na baadhi ya waliyosema yana nguvu. Walisema kazi itahama, na ilihama: hariri nyepesi na rahisi zilikwenda Macclesfield, Norwich na vijiji vya Essex, ambako orodha ya London haikufika. Walisema pia kwamba bei ikigandishwa, tajiri atapunguza idadi ya watu anaowapa kazi, ili wachache walipwe bei kamili na waliobaki wakose kabisa. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu lilitokea. Vita na Ufaransa vilipoanza 1793 biashara ilianguka, na mwaka 1797 wahisani wa Kiquaker walifungua jiko la supu Spitalfields kuwalisha mafundi walewale ambao kwenye karatasi bei yao ilikuwa inalindwa. Sheria ilipanga thamani ya yadi bila kusema neno juu ya wiki za kutega mtande, wala juu ya mwezi wa kuambiwa urudi wiki ijayo. Waliotaka ifutwe, mwanauchumi David Ricardo akiwa mmoja wao bungeni, walichukulia kasoro hiyo kuwa ushahidi kwamba bei haipaswi kuguswa. Maelfu ya wafumaji walitia saini maombi ya kuitetea. Ilifutwa 1824, milango ikafunguliwa kwa hariri za Ufaransa 1826, na malipo yakaporomoka. Kungoja hakukupungua hata kidogo. Walichopoteza ni kinga ya bei, na hakuna walichopewa badala yake. Kwa hiyo kasoro ya sheria ile haikuwa kwamba iligusa malipo. Iligusa nusu ya malipo.

Nusu nyingine imeanza kuguswa katika miaka yetu, na ajabu ni kwamba ilianzia London. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva waliofungua kesi dhidi ya Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini, na ikakubali kwamba muda wao wa kazi unahesabika tangu wanapowasha programu katika eneo lao la leseni wakiwa tayari kupokea safari. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kuanza kulipa kima hicho, ila kwa muda wa kuanzia dereva anapokubali safari. Kwenye pengo hilo dogo, kati ya kuwasha simu na kukubali safari, ndiko mfumaji alikokaa na kitanda kitupu. Kampuni haikubishia bei. Ilibishia kungoja, kwa sababu inajua uzito wa fedha ulioko hapo: ikiwa kungoja ni bure kwake, inafaidika kuwa na madereva wengi kupita kiasi kila kona, ili abiria asisubiri.

New York ilichukua njia tofauti. Tangu Februari 2019 jiji hilo linakokotoa malipo ya chini ya kila safari kwa kuzingatia sehemu ya muda ambayo madereva wana abiria: wakikaa bila kazi kwa muda mrefu zaidi, kiwango cha chini cha safari kinapanda. Kungoja kukawa na bei, na bei hiyo ikaangukia mwenye uwezo wa kupunguza kungoja huko. Mwaka 2024 kampuni zilijibu kwa kuwafungia madereva nje ya programu saa za biashara dhaifu, ili saa hizo zisihesabiwe. Wapinzani wakasema, mnaona? Ni lilelile pingamizi la mafundi wachache wenye kazi na wengi wasio nayo, na lijibiwe kwa uzito uleule. Jibu langu ni kwamba kufungiwa kumeweka hadharani kitu kilichokuwa kimefichwa: kampuni ilikuwa imesajili watu wengi kuliko kazi iliyokuwapo. Hapo mamlaka inaweza kudai taarifa mapema kabla ya kumfungia mtu, au kuzuia usajili mpya wakati waliopo hawana safari. Dereva anayejua kwamba hakuna kazi saa nane hadi saa kumi anaweza kwenda kulala au kufanya shughuli nyingine. Anayeachwa kuzunguka na mafuta yake kwa matumaini hana hata nafasi hiyo.

Kwa Tanzania na Kenya hili haliwezi kunakiliwa lilivyo. Bodaboda wetu wengi hutumia programu na kijiwe kwa siku hiyohiyo, wengine wamewasha programu mbili au tatu kwa pamoja, na mwenye chombo mara nyingi ni tajiri wa tatu ambaye hayumo kwenye mkataba wa kampuni wala kwenye kanuni. Ukimlipa dereva saa za kungoja bila kumgusa tajiri wa pikipiki, hesabu ya jioni inaweza kupanda na kuzimeza zote. Kwa hiyo mkataba wa pikipiki unapaswa kuingia kwenye mazungumzo haya, jambo ambalo sijaliona likipewa nafasi katika hoja za upande wowote. Na kabla ya kupanga asilimia nyingine yoyote ya kamisheni, LATRA na NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, zina hatua iliyo ndani ya uwezo wao. Kampuni hizi zinafanya kazi kwa leseni. Leseni inaweza kuwa na sharti kwamba kila mwezi kampuni ipeleke kwa mamlaka saa ambazo madereva wake walikuwa hewani, saa ambazo walikuwa na abiria, na idadi ya madereva wapya iliyosajili, eneo kwa eneo. Takwimu hizo tayari zimo kwenye mashine zao, kila dakika inarekodiwa. New York isingeweza kuandika kanuni yake bila kuzidai kwanza, na wajumbe wetu wanaokwenda Geneva hawana sababu ya kusubiri mkataba ukamilike ndipo wazidai.